Injini Inaponguruma Bila Kukanyagwa

Umesimama kwenye taa za barabarani. Gia iko huru na mguu hauko kwenye pedali ya mafuta, lakini pikapu inanguruma kana kwamba inapanda mlima. Mpenzi msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna pikapu ya zamani ya petroli, mathalani Peugeot 504 au Datsun 1200, huenda kelele hizo unazifahamu vyema.

Wengi wetu humwita fundi. Naye huchukua bisibisi, akalegeza skrubu ya kabureta, kelele zikatulia, akalipwa na kwenda zake. Wiki mbili baadaye kelele zimerudi, au injini inazimika kila unaposimama. Mficha maradhi kifo humuumbua. Skrubu ile hufaa kuguswa mwisho, baada ya chanzo kujulikana.

Injini ya aina hii ikishapata joto huzunguka mara 700 hadi 900 hivi kwa dakika gari likiwa limesimama. Ikizidi sana, mara nyingi ni kwa sababu inapata hewa nyingi kupita kiasi. Ama kilango kidogo kilicho ndani ya kabureta hakijifungi sawasawa, ama hewa inapenya mahali pengine. Kazi yako ni kutambua ni lipi kati ya hayo mawili.

Anza na yasiyogharimu hata senti. Je, choki imerudishwa ndani? Choki ikivutwa hufungua pia kile kilango kidogo ili injini isizimike asubuhi ya baridi. Ukiisahau, au kebo yake ikikwama kwa kutu, injini itanguruma kutwa nzima huku ikinywa petroli.

Kisha zima injini na ufungue boneti. Mwombe kijana wako akanyage pedali ya mafuta na kuiachilia, huku wewe ukitazama mkono mdogo ulio kando ya kabureta. Ni lazima urudi mara moja hadi mwisho wake. Usiporudi, tazama kama zulia la sakafuni limeikalia pedali, kama kebo imechakaa au imevutwa mno, na kama springi ya kurudishia imelegea. Kasoro hii si ya kupuuzwa: kebo inayokwama leo kidogo, kesho yaweza kukwama ukiwa mwendo wa kasi.

Ikiwa hayo yote ni mazima, washa injini tena. Fanyia kazi hii mahali penye hewa, breki ya mkono ikiwa imevutwa, na usivae tai wala leso inayoning'inia karibu na feni. Chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe polepole chini ya kabureta, kwenye gasketi zake na kwenye mipira yote myembamba. Hewa inapopenya utasikia mvumo kama wa nyoka aliyeudhika. Dalili nyingine ni kwamba mngurumo hupanda na kushuka bila utulivu. Usikubali mtu anyunyize petroli ili kutafuta tundu. Injini ikiwa moto, hilo ni kuukaribisha msiba.

Mpira mmoja uutazame kwa makini kuliko yote: ule mnene unaotoka kwenye injini hadi kwenye lile debe la mviringo lililo nyuma ya injini, upande wa dereva, ikiwa gari lako linalo. Debe hilo husaidia mguu wako kushika breki. Mpira ukipasuka, injini hubadili mngurumo na breki huwa ngumu. Pima hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Usiondoe mguu, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, usilitoe gari nyumbani mpaka fundi alikague.

Hapo ndipo utaona hatari ya kutuliza kelele kwa bisibisi pekee. Mwenye gari hufurahia ukimya, kumbe breki zinadhoofika. Tena, injini inayozunguka kwa kasi huisukuma pikapu mbele, nawe unapoteremka kuelekea Mai Mahiu na mzigo wa viazi, unaitegemea injini hiyo hiyo ikusaidie kuzuia mwendo.

Yapo pia ya kumwachia fundi: mhimili wa kile kilango uliolika kwa umri, au taimingi iliyosogezwa mbele mno. Ishara moja itamsaidia. Skrubu ikifunguliwa hadi isiguse kitu na injini bado inanguruma, skrubu haina hatia. Chanzo kiko kwingine, hata mkiizungusha mpaka jioni.

Gharama ya kipande cha mpira au gasketi ni ndogo ukilinganisha na petroli inayopotea mwezi mzima. Kwa hivyo fundi atakapoinama juu ya injini yako, mwambie kwa heshima: "Fundi, kabla hujashika bisibisi, nionyeshe kwanza hewa inaingilia wapi." Aijuaye kazi yake hataudhika. Atakuonyesha.