Simu ya marehemu ina haki za watu



Ndugu msomaji, anayekuandikia maneno haya si shekhe, wala si fundi wa kulipwa. Ni mtu aliyeingiwa na mapenzi ya kompyuta tangu siku alipoketi mbele ya ile ya kwanza, mashine ya mtumba iliyotumia Windows 98 na kunguruma kama kinu cha kusaga. Mapenzi hayo yamenifanya niwe mtu wa kuitwa. Mtaani kwetu kila simu iliyogoma kuwaka, kila kompyuta iliyoingiwa na virusi na kila picha ya harusi iliyofutwa kwa bahati mbaya hunijia mimi, aghalabu baada ya swala ya Ijumaa, nikiwa bado natafuta viatu vyangu mlangoni mwa msikiti.

Miongoni mwa wito wote huo, upo mmoja ambao umenifanya nishike kalamu. Mzee mmoja jirani yetu alifariki usiku. Asubuhi, wakati waosha wamekwishafika na maji yanatiwa kafuri, mwanawe mkubwa alinivuta pembeni akiwa na simu ya babake mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ami, hii inafunguka kwa kidole chake. Tumuwekeshe kidole kabla hajaoshwa."

Nilimtazama kijana yule. Hakuwa mtovu wa adabu, wala hakuwa akitafuta mali. Babake alikuwa mweka hazina wa mchango wa paa la madrasa. Watu walimpa fedha mkononi, yeye akiziweka kwa wakala katika laini yake mwenyewe, na majina ya waliotoa na kiasi walichotoa akiyaandika ndani ya simu. Daftari hakuwa nalo. Kijana alikuwa akilia kwa sababu ya haki za watu, na alichoniomba kilitoka katika moyo safi.

Sikupata nafasi ya kujibu, na namshukuru Allah (S.W.) kwa hilo, kwani sina hakika ningejibu nini. Nilipoishika simu niliona imezimika. Chaji ilikwisha usiku wakati watu wanahangaika na mgonjwa. Simu za leo zikizimika na kuwashwa upya hazikubali kidole wala sura mpaka kwanza iingizwe namba ya siri. Nikamwambia, "Mwanangu, hata tukifanya hivyo haitafaa. Inataka namba, na namba ameondoka nayo." Akairudisha simu mfukoni, tukaenda kumuosha mzee wetu.

Yafaa nieleze jambo hili kwa wasiolijua, kwani wengi wetu bado tunaidhani simu ni kama sanduku la bati ambalo fundi hodari atalivunja kufuli. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 majina yetu yalikaa ndani ya laini, mara nyingi yasiyozidi 250, na aliyeitoa laini na kuitia katika simu nyingine aliyakuta yote, isipokuwa kama mwenyewe aliifunga laini kwa namba. Kompyuta nazo zilikuwa wazi. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliomba neno la siri mlangoni, lakini aliyelichomoa diski na kulichomeka katika mashine nyingine alisoma karibu kila kitu bila kuulizwa. Hata lililofutwa mara nyingi lilipatikana, kwa kuwa mashine hufuta tu alama ya mahali faili lilipo, na maandishi yenyewe hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake.

Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2014 Apple ilitoa mfumo ambao hata kampuni yenyewe haikuweza tena kumfungulia mteja, na mwaka uliofuata Google nayo ikataka simu mpya zenye uwezo huo zihifadhi kila kitu kwa maandishi ya fumbo. Ufunguo wa fumbo umefungamana na namba ya siri ya mwenye simu. Baada ya shambulio la San Bernardino, Marekani, Desemba 2015, FBI walishindwa kuifungua iPhone moja ya mshambuliaji, wakaipeleka Apple mahakamani, na hatimaye Machi 2016 wakatangaza kwamba wamepata njia kwa watu wengine. Ikiwa dola kubwa ilitaabika hivyo, sembuse mimi na bisibisi yangu? Na kompyuta mpya za Windows zinafuata mkondo huohuo. Nyingi hufungwa kwa fumbo bila hata mwenyewe kujua, na ufunguo wake wa akiba ni tarakimu 48 zilizowekwa katika akaunti yake ya mtandaoni.

Hapo sina budi kukiri jambo langu. Mwaka 2006, wakati mambo yalipokuwa mepesi, familia moja iliniita nifungue kompyuta ya marehemu baba yao ili wapate hesabu za duka. Niliona fahari. Nilichomoa diski, nikalichomeka katika mashine yangu palepale sebuleni, mjane akiwa ndani ya eda, watoto, mashangazi na wajomba wakiwa wamezunguka. Hesabu za duka tulizipata. Lakini katika kuyafungua mafaili mbele ya macho ya wote, zilitokea barua na picha. Marehemu alikuwa na mke wa pili mjini Tanga, mke wa ndoa halali, na mtoto wa kiume. Mjane yule aliisoma habari hiyo katika kioo changu, pamoja na wanawe, katika wiki ya pili ya eda yake.

Nimelifikiria jambo lile kwa miaka mingi. Lau kompyuta ile ingekuwa kama za leo, yule mama asingefedheheka mbele ya watu. Lakini vilevile mtoto wa Tanga huenda asingejulikana, na fungu lake la mirathi ambalo Allah amemwekea lingeliwa na nduguze bila wao kujua kwamba wanakula haki ya yatima. Basi sisemi kwamba kufungua kulikuwa kosa. Kosa langu lilikuwa ni kufungua kila kitu, mbele ya kila mtu, kwa sababu tu niliweza. Niliombwa hesabu za duka, nami nikaonyesha nyumba nzima.

Tangu siku ile nina masharti yangu, na wako wanaonichukia kwa ajili yake. Sifungui kifaa cha marehemu mpaka awepo msimamizi wa mirathi. Huuliza kwanza kinatafutwa nini, na hicho ndicho ninachokitafuta, mlango umefungwa, msimamizi na shahidi mmoja wakiwa pembeni. Picha sizigusi. Ujumbe wa watu siusomi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana, na sijaona popote pasemapo kwamba katazo hilo huisha mtu anapoingia kaburini.

Lakini huo ni upande wa fundi, nao ni mdogo. Upande mkubwa ni wa mwenye simu angali hai, na hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na sisi sote. Tumehamisha madaftari yetu kuyatia ndani ya simu, kisha tukaifunga simu kwa kufuli lisilovunjika, na bado tunajihesabu kuwa tumeandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Maandishi hayo yana maana kwa kuwa mtu mwingine anaweza kuyasoma wakati mwenyewe hayupo au amesahau. Deni lililoandikwa mahali ambapo ni mdaiwa peke yake awezaye kusoma, kwa maoni yangu halijaandikwa bado. Ni sawa na kulinong'ona ndani ya kisima.

Nasi tunajua kwamba mirathi haigawanywi mpaka wasia na deni vitoke kwanza. Suratun Nisaa, aya ya 11, imeliweka wazi. Je, warithi watatoa deni gani wasilolijua? Wanawe wa yule jirani yetu walitaka kulipa, ila hawakujua wamlipe nani.

Wako watakaosema dawa ni nyepesi: mume na mke wapeane namba za siri, mambo yaishe. Nimelisikia hilo hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na sikubaliani nalo moja kwa moja. Wanaoaminiana hivyo, Allah awazidishie. Lakini nimeona nyumba ambamo namba iliyotolewa kwa ajili ya dharura ikawa tochi ya kumulika ujumbe kila usiku, mpaka mapenzi yakageuka kesi. Na namba ya siri ya fedha ni jambo jingine kabisa. Huduma ya fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na leo wako wengi ambao akiba yao yote imo humo. Mtu akifa, fedha ile si ya aliyeijua namba. Ni ya wadai kwanza, kisha ya warithi wote kwa mafungu yao. Kijana anayetoa fedha ya babake kwa wakala jioni ya mazishi, hata kama ni kwa ajili ya kununua mchele wa wageni, amegusa fungu la mamake na la dada zake bila idhini. Njia yake ni cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi, kutoka mahakama ya mwanzo kwa Tanzania Bara, au kwa Kadhi kwa wenzetu wa Zanzibar na Kenya. Ni njia ndefu yenye kuchosha, sikatai.

Ninalolipendekeza ni la kizamani. Karatasi. Iandikwe kwa mkono, itaje nani anadai, nani anadaiwa, amana ya nani iko wapi, laini ipi ina fedha na katika hizo zipi si zangu. Itiwe katika bahasha pamoja na wasia, na watu wawili wajue ilipo. Kwa karatasi hiyo warithi watalipa haki za watu bila hata kuiwasha simu, na siri za marehemu zitabaki mahali alipoziacha. Bwana Mtume (S.A.W.) alituhimiza kwamba mwenye jambo la kuusia asipitishe masiku mawili bila wasia wake kuwa umeandikwa, nasi tunapitisha miaka.

Anayetaka msaada wa mashine pia anao. Google tangu mwaka 2013 inamruhusu mtu kutaja watakaopewa vitu vyake akaunti ikikaa kimya kwa muda aliouchagua, na Apple tangu Desemba 2021 inamruhusu kumteua mrithi ambaye ataleta ufunguo na cheti cha kifo. Mipangilio hiyo huchukua dakika chache. Nimewaonyesha watu wengi msikitini. Waliotekeleza hawafiki vidole vya mkono mmoja.

Na kwa waliokwishafikwa na msiba, nawaomba mambo mawili matatu. Simu msiipeleke kwa fundi na kumwambia tu "nifungulie", kwani wengi wao huelewa kwamba mnataka kifaa kitumike, na huifuta yote; mtarudi na simu nzuri isiyo na neno hata moja la marehemu. Laini msiitupe wala msiiache ife, kwa kuwa namba isiyotumika hatimaye hupewa mtu mwingine, na kila akaunti iliyofungamana nayo huingia mashakani. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika nayo kwa kawaida hufutwa baada ya siku 120.

Nirudi kwa jirani yetu. Msimamizi alipopata barua ya mahakama, kampuni ilimpa salio na orodha ya miamala. Orodha ile haikutusaidia, kwa maana fedha zote zilionekana zimewekwa na marehemu mwenyewe kwa wakala. Ikabidi imamu atangaze baada ya swala, kila aliyetoa mchango aje aseme alitoa kiasi gani. Watu walikuja, Allah awalipe, na wala sikuona aliyezidisha. Walipojumlishwa wote, zikabaki shilingi 340,000 juu ya hesabu. Huenda ni akiba ya mzee, nayo ni mirathi. Huenda ni za mtu aliyehama, au msafiri aliyetoa akaenda zake. Mjane amekataa zisigawanywe kwanza.

Simu yenyewe iko kabatini kwao. Mwanawe huichaji kila usiku na kuitia vocha kila mwezi ili laini isife. Simu iliyofungwa haizuii kupokea anayepiga, ila tangu ilipozimika usiku ule, kila inapolia huonyesha namba tupu, kwa kuwa majina nayo yamo ndani ya kufuli. Kijana hupokea, husalimia, hueleza kwamba baba ametangulia mbele ya haki, kisha huuliza kwa upole kama mpigaji alikuwa amemwachia marehemu kitu chochote.