Uzito wa Almasi Si Mng'ao Wake

Mwaka 1947 katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, aliitoa zawadi ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokwisha kuchongwa London zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu iliondolewa! Je, huo ulikuwa uharibifu? La hasha.

Nuru huingia katika almasi ya mviringo kwa uso wake wa juu, ikagonga kuta za chini. Mteremko wa kuta hizo ukiwa wa digrii 41 hivi kutoka usawa wa kiuno cha kito, nuru hurudishwa juu hadi machoni petu. Marcel Tolkowsky alizichapisha hesabu hizo mwaka 1919, na hadi leo wachongaji hawajaenda mbali nazo. Kito kikiwa bapa mno, nuru hupenya chini ikapotea; kikiwa kirefu mno, katikati huonekana kiza.

Hapa ndipo mnunuzi hupunjwa. Almasi huuzwa kwa karati, basi mchongaji mwenye tamaa huacha tumbo nene ili mizani ipande. Almasi ya mviringo ya karati moja, iliyochongwa vyema, huwa na upana wa milimita 6.5 hivi. Ukiuziwa ya milimita 6, umelipia uzito uliojificha chini, ndani ya pete, usikoonekana.

Wewe unayetafuta pete ya uchumba, uliza upana pamoja na uzito. Kisha kitazame kito mbali na taa za dukani. Taa zile hata kioo hukipendezesha.