Zohali Haina Mpwa

Hakuna sayari iliyosingiziwa na wanajimu kama Zohali. Ptolemy wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya 2, aliihesabu kuwa sayari ya baridi na ukavu, kwa hoja kwamba iko mbali na joto la jua na mbali na unyevu wa dunia. Wanajimu wa Kiarabu, ambao kwa lugha yao sisi tumelipata hata jina lake, wakaiita nuhusi kubwa, wakaibebesha uzee, ufukara, vifungo na kuchelewa kwa kila jambo.

Leo nuhusi hiyo imevikwa vazi jipya. Kwa kuwa Zohali hulizunguka jua kwa takriban miaka 29 na nusu, vijana huambiwa kwamba wakikaribia umri wa miaka 30 sayari hurejea mahali ilipokuwa walipozaliwa, ikawatia katika mtihani wa kazi, ndoa na riziki. Nimewasikia wahitimu wakilirudia hilo kwa utulivu unaonitisha. Kijana aliyeandika barua za maombi ya kazi kwa miaka mitano bila kujibiwa hapaswi kutumwa angani kutafuta sababu ya jambo lililoamuliwa ofisini. Nafasi ile alipewa mpwa wa nani? Zohali haina mpwa.

Nitaambiwa kwamba huo ni mchezo tu wa kujifariji. Mbele ya watawala haukuwa mchezo. Mwaka 762 Khalifa al-Mansur aliwatumia wanajimu kuchagua saa ya kuanza ujenzi wa Baghdad. Na katika karne ya 9 Abu Ma'shar alifundisha kwamba makutano ya Zohali na Mshtarii, yanayotokea kila baada ya miaka 20 hivi, huashiria kuinuka na kuanguka kwa dola. Ibn Khaldun aliukataa unajimu katika Muqaddimah, aliyoiandika mwaka 1377, na hoja yake inayonivutia zaidi ni ya kisiasa: utabiri kwamba dola itaanguka huwatia maadui na waasi tamaa ya kuiangusha. Madhara, basi, hupitia masikioni mwa watu.

Tarehe 21 Desemba 2020 sayari hizo mbili zilikutana tena machoni petu. Zohali ilikuwa umbali wa takriban kilomita bilioni 1.6 kutoka hapa. Orodha ya walioitwa kwenye usaili iko karibu zaidi, ndani ya faili, katika kabati lenye ufunguo. Mhitimu unayenisoma, kabla hujamlipa mtu akusomee nyota, andika barua uiombe orodha hiyo pamoja na vigezo vilivyotumika. Nanyi watumishi wa umma mnaoushika ufunguo, ijibuni.