Ukurasa Usipewe Mizani, Upewe Ujumbe

Miongoni mwa waandishi wa programu hapa Tanzania, hasa wanaopewa kazi ya kuunganisha ukurasa wa wavuti na kifaa kilichopo mezani, kuna kauli inayorudiwa mpaka imekuwa kama kanuni: kupitisha ujumbe kati ya programu na JavaScript ni kuzunguka mbuyu. Kama obijekti ya kifaa imo ndani ya programu, wanasema, iachie JavaScript iishike yenyewe, iite inachotaka na ipate jibu papo hapo. Habari ya kuandika ujumbe, kuutuma, kungoja jibu na kulioanisha na swali lake ni kujichosha bure. Wengine huenda mbali zaidi: kama ukurasa hauwezi kushika kifaa moja kwa moja, achana nao, andika mfumo mzima kwa Java au C++.

Kauli hii haikuzuka hewani. Msimbo unaoshika obijekti moja kwa moja ni mfupi na unasomeka kwa mstari mmoja. Nani asiyependa ufupi? Lakini ufupi huo una gharama, na anayeilipa si mwandishi wa programu. Tuipime kauli hiyo kwa kazi halisi, maana hoja za ufundi zikibaki hewani kila mtu huwa mshindi.

Chukua ghala la chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, linalopokea korosho au ufuta kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ule uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kwa korosho za Mtwara msimu wa 2007/08. Liweke Dutumi, kata ya Kibaha Vijijini upande wa kuelekea Kisarawe. Mezani kuna laptopu, na chini yake mizani ya kidijitali yenye waya unaotoa uzito kwa maandishi. Mkulima anashusha gunia, mizani inasoma kilo 81.4, na karani anatakiwa kuingiza namba hiyo kwenye fomu iliyo katika ukurasa wa wavuti. Leo kazi hiyo ikifanywa kwa mkono, vidole ndivyo vinavyoamua kama ni 81.4 au 71.4. Anayeathirika na tarakimu hiyo moja hana laptopu wala hajui JavaScript ni nini.

Sasa tunataka uzito utoke kwenye mizani uingie kwenye fomu bila kupita mikononi mwa mtu. Programu iliyoandikwa kwa C++ inasoma waya na inatunza obijekti tuiite "mizani". Obijekti hiyo ina sifa mbili, uzito na hali ya kutulia. Ina kitendo kimoja, kurudisha sifuri. Na ina ishara moja inayotolewa gunia linapotulia. Ukurasa nao una fomu, jina la mkulima, makato na kitufe cha kuchapa stakabadhi. Swali ni moja tu: hawa wawili wazungumze vipi?

Hoja ya kwanza ya wapinzani wa ujumbe ni kasi. Hebu tuhesabu. Mizani nyingi za namna hii hutuma data kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde. Kila herufi huchukua biti 10 ukihesabu za kuanzia na za kumalizia, hivyo waya unapitisha herufi 960 kwa sekunde. Mstari wa uzito wenye herufi 20 unamaliza takribani milisekunde 20 ukiwa bado njiani. Kuufunga uzito huohuo katika ujumbe wa JSON, yaani maandishi yenye mpangilio maalumu, na kuuvusha kutoka mchakato mmoja kwenda mwingine ndani ya kompyuta hiyohiyo ni kazi ndogo sana ukilinganisha na hapo, na karani atachukua sekunde kadhaa kusoma jina la mkulima anayefuata. Anayelaumu ujumbe kwa uchelewaji hajautazama waya.

Tena mifumo mizuri ya ujumbe hutumia busara isiyopatikana kwenye kushikana moja kwa moja. Qt WebChannel, sehemu ya Qt, nyenzo ya kuandikia programu kwa C++, iliyotoka pamoja na toleo la Qt 5.4 mwezi Desemba 2014, hukusanya mabadiliko ya sifa na kuyatuma pamoja kila baada ya milisekunde 50. Gunia likitikisika na uzito ukaruka mara kumi ndani ya muda huo, ukurasa hupokea thamani ya mwisho tu. Zaidi ya hapo, ukurasa ukimaliza kushughulikia mabadiliko hutuma ujumbe wa kusema sasa nimepumua, na upande wa programu hauleti mengine kabla ya neno hilo. Laptopu ya zamani yenye kumbukumbu haba haizamishwi na mafuriko ya namba. Mpangilio huo wa zamu upo kwa sababu pande mbili zinatumiana ujumbe; zingekuwa zinashikana mikono, usingekuwepo.

Hoja ya pili ni kwamba kungoja jibu kunaleta msimbo mgumu. Ni kweli kwamba JavaScript inapoita kitendo kupitia ujumbe haipati jibu papo hapo. Ujumbe wa wito unakwenda na namba yake ya utambulisho, jibu linarudi na namba ileile, na ndipo kazi iliyoachwa ikisubiri inaendelea. Lakini tuulize mbadala wake. Ukurasa ukisimama wima kungoja mizani, na mizani iko kwenye waya uliolegea, ukurasa mzima unaganda: karani habonyezi kitu, foleni inasimama, na dawa inayojulikana ni kuzima kompyuta na kuiwasha upya. Mbaya zaidi ni pale ukurasa unaposubiri programu huku programu nayo inausubiri ukurasa. Hapo hakuna anayemaliza.

Walimwengu wameshalipa ada ya somo hili. Electron, nyenzo ya kutengeneza programu za kompyuta kwa JavaScript, ilikuwa na moduli iliyoitwa remote iliyofanya obijekti za upande wa pili zionekane kama zako. Waandishi waliipenda kwa urahisi wake. Lakini baadaye ilionekana kuwa nzito, yenye hitilafu za muda zisizotabirika na yenye mianya ya usalama. Ikaondolewa katika toleo la 14 mwaka 2021, na watu wakaelekezwa kwenye ujumbe. Qt nayo, ilipohama kutoka injini ya kurasa ya WebKit kwenda kwenye ile ya Chromium, ilikuta ukurasa unaendeshwa katika mchakato wake wenyewe, mbali na programu. Obijekti ya C++ haiwezi kuruka ukuta huo. Kinachoweza kuruka ni ujumbe.

Hoja ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, ile ya kusema obijekti ni yetu na ukurasa ni wetu, kwa hiyo hakuna haja ya mlinzi. Kumbuka yaliyoipata Android. Kabla ya toleo la 4.2 la mwaka 2012, ukiingiza obijekti moja ya Java ndani ya ukurasa, JavaScript iliweza kuitumia obijekti hiyo kama ngazi ya kufikia madarasa mengine ya Java na hata kuiamuru simu itekeleze amri ambazo mwandishi hakukusudia. Ulidhani umetoa kitu kimoja, kumbe umetoa nyumba nzima. Ikabidi Google iweke sharti kwamba ni vitendo vilivyowekewa alama maalumu tu ndivyo vitakavyoonekana kwa ukurasa. Apple nayo, ilipoleta kijenzi kipya cha kurasa katika iOS 8 mwaka 2014, iliweka njia ambayo ukurasa hutuma ujumbe kwa mpokeaji aliyetajwa jina, naye mpokeaji huamua afanye nini.

Rudi ghalani. Wakulima wamelalamikia mizani tangu zamani, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani ili kilo iwe kilo. Lakini ukaguzi huo huishia kwenye chuma. Ukiupa ukurasa obijekti nzima, pamoja na uwezo wa kuandika kwenye sifa ya uzito, umefungua mlango mwingine ambao muhuri wa mkaguzi haufiki. Mtu yeyote mwenye ujuzi wa wiki mbili wa JavaScript anaweza kufungua dirisha la wasanidi katika kivinjari na kuandika mizani.uzito = 60. Katika daraja la ujumbe lililojengwa vizuri, uzito ni sifa ya kusomwa tu. Amri ya kuubadilisha haipo katika orodha ya mambo ambayo programu inakubali kuyasikia, na ujumbe wa kuiomba hauna pa kupokelewa. Ni sawa na dirisha la dawa zahanatini: unapitisha cheti, unapewa dawa, lakini stoo huingii.

Nisieleweke vibaya. Ujumbe peke yake si kinga. Qt WebChannel huonyesha kwa ukurasa sifa zote, ishara zote na vitendo vyote vya wazi vya obijekti uliyoisajili, kwa hiyo anayesajili obijekti ya hifadhidata nzima amejichimbia shimo lilelile kwa jembe jipya. Na ukitumia soketi ya mtandao badala ya njia ya ndani ya programu, programu yoyote inayofikia mlango wa soketi hiyo inaweza kubisha hodi. Ni lazima mlango ufunguliwe kwa kompyuta hiyohiyo tu, na anayebisha aulizwe ametoka wapi. Faida ya ujumbe ni kwamba maamuzi haya yana mahali pake. Kuna orodha fupi inayoweza kusomwa, kuhojiwa na kukataliwa kabla mfumo haujafika ghalani.

Wapo watakaoniletea React Native, na wana haki. Kwa miaka mingi nyenzo hiyo iliunganisha JavaScript na simu kwa daraja la ujumbe wa JSON, kisha ikaliacha. Muundo mpya usio na daraja hilo ndio wa kawaida tangu toleo la 0.76 la Oktoba 2024. Je, si ushahidi kwamba ujumbe umeshindwa? Tazama tatizo lililokuwa likitatuliwa. Kidole kinateleza juu ya skrini, picha zinatakiwa kuchorwa mara 60 kwa sekunde, na pande zote mbili zimo ndani ya mchakato mmoja, zimeandikwa na timu moja na zinasafirishwa pamoja katika programu moja. Hapo kugawana kumbukumbu kuna mantiki. Vivyo hivyo sishauri mtu apitishe video au picha kubwa kwa JSON. Zikigeuzwa kuwa maandishi zinavimba kwa theluthi moja hata kabla hazijaondoka. Lakini mizani, kichapishi cha stakabadhi na kisoma alama za vidole si video. Ni namba chache na amri chache, kati ya pande mbili zisizopaswa kuaminiana kupita kiasi.

Kuna pia dhana kwamba kitu chochote chenye ukurasa wa wavuti kinahitaji intaneti, kwa hiyo hakifai vijijini. Ukurasa unaweza kuhifadhiwa ndani ya programu yenyewe, na ujumbe kati yake na mizani hautoki nje ya laptopu. Mtandao ukikatika, gunia litapimwa na stakabadhi itachapwa; kinachongoja ni kupeleka kumbukumbu makao makuu tu.

Na huko vijijini ndiko faida ya mgawanyo huu inakoonekana. Mizani ikiharibika na chama kikanunua ya kampuni nyingine yenye lugha yake ya waya, anayebadilisha ni upande wa C++ peke yake. Ukurasa utaendelea kupokea uzito kama jana. Makato yakibadilika msimu ujao, inabadilishwa fomu, na hakuna anayegusa msimbo wa waya. Kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeko Kijitonyama, Dar es Salaam, anaweza kuandika ukurasa wote bila mizani, akitumia obijekti ya bandia inayotuma ujumbe uleule. Na kwa kuwa kila ujumbe ni maandishi, unaweza kuandikwa kwenye daftari la mfumo pamoja na saa yake. Mkulima akidai gunia lake lilipunjwa, kuna pa kutazama.

Wanaosema utaratibu huu ni wa kigeni mno wakumbuke kwamba serikali yetu inakusanya fedha kwa namna hiyohiyo. Katika GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulioanza mwaka 2017, taasisi haiingii katika vitabu vya benki wala benki haifungui hifadhidata ya taasisi. Taasisi inatuma ankara, inajibiwa kwamba imepokewa, namba ya malipo inarudi baadaye, na mwananchi akilipa, taarifa nyingine inaifuata taasisi. Ujumbe unakwenda, ujumbe unarudi, kila mmoja na saini yake. Hakuna anayesema huko ni kuzunguka mbuyu.

Kwa hiyo, wewe unayeandika mfumo wa ghala, zahanati au ofisi ya kata, usijivunie mistari michache uliyookoa kwa kuupa ukurasa obijekti nzima. Na wewe unayenunua mfumo huo kwa fedha za wanachama, usiridhike na maonyesho ya ukurasa unaong'aa. Kabla ya kutia saini mwombe fundi akuandikie, kwa Kiswahili cha kawaida na kwenye karatasi moja, mambo yote ambayo ukurasa unaweza kuiomba mizani. Akishindwa kuijaza karatasi hiyo, au ikihitaji karatasi kumi, usimlipe bado.