Farasi Asiyezunguka

Wapo wakusanyaji wa vitu vya kale huko Marekani wanaodai kwamba kumng'oa farasi mmoja wa mbao katika pembea ya kuzunguka na kumsimamisha sebuleni ni kumwokoa. Hoja hiyo haina mashiko. Shairi halihifadhiwi kwa kunyofoa mshororo mmoja mzuri na kuitupa beti nzima.

Itazamwe pembea iliyoundwa mwaka 1922 na kampuni ya Philadelphia Toboggan kwa bustani ya burudani ya Idora, mjini Youngstown, Ohio. Mwaka 1984 moto uliunguza sehemu ya bustani, bustani ikafungwa, na farasi 48 wakakabiliwa na mnada wa mmoja mmoja. David na Jane Walentas waliinunua nzima kwa dola 385,000, wakaihamishia New York. Jane akakwangua tabaka za rangi kwa miaka mingi mpaka akaifikia ile ya asili. Mwaka 2011 ikazunguka tena, ufukweni Brooklyn.

Ni kweli kwamba watoto wa Youngstown waliipoteza. Lakini kuhamishwa si kufa. Kutawanywa ndiko kufa. Anunuaye pembea hununua na mzigo wake: kuifungua, kutia alama kila kipande, kuipakia, kuiunga upya na kuwapandisha watoto wa watu. Asiyeuweza mzigo huo asinyanyue mkono mnadani. Mwenye farasi mmoja hana pembea. Ana gogo lililochongwa.