Sikio Linapomuuma Mtoto Usiku

Katika nyumba za kambini, ambamo jamaa nyingi huishi ukuta kwa ukuta, mafua humshika mtoto mmoja Jumatatu, na kabla ya Jumamosi safu nzima inakohoa. Siku mbili tatu baadaye, baadhi ya watoto hao huamka usiku wa manane wakilia na kushika sikio.

Nyuma ya kiwambo cha sikio pana chumba kidogo chenye hewa, kilichounganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Hivyo vijidudu huupanda upesi, na uvimbe wa mafua huuziba. Majimaji hujaa, hugeuka usaha, na kukisukuma kiwambo. Mtoto asiyejua kusema huonyesha kwa homa, kukataa kunyonya na kulivuta sikio.

Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Kiwambo kipasukapo, usaha hutoka na maumivu hutulia, nao husema mtoto amepona. Hajapona. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi lina ugonjwa sugu, uwezao kumpunguzia mtoto usikivu hata mwalimu akamdhania mkaidi. Na pakivimba nyuma ya sikio kwa maumivu, apelekwe hospitali siku ile ile, kwani huenda ugonjwa umeingia mfupani, na kutoka hapo ubongo hauko mbali.

Akina mama, msitie sikioni mafuta, maji ya majani wala maziwa ya kifuani. Sokoteni utambi wa kitambaa safi laini, uingizeni taratibu, uutoeni ulowapo na kuweka mwingine mpaka sikio likauke. Fanyeni hivyo mara tatu kwa siku, na mtoto aonwe zahanati.

Baba naye asijisahau. Ikiwa maumivu huzidi avutapo ndewe, yamkini amejichubua kwa njiti ya kiberiti, kiroboto cha hatari kuliko nta anayoifukuza. Jino bovu la nyuma nalo huuma mithili ya sikio. Ama mlio wa bunduki, hupita desibeli 140. Sikio livumalo baada ya shabaha limeumizwa, hata kama haliumi, na chembe za kusikia zikifa hazioti tena. Vizibo vivaliwe kabla ya risasi ya kwanza.