Magoli Matatu, Ushindi Sifuri

Juzi hosteli tulibishana mpaka umeme ukakatika. Kila mtu ataje magoli yake matatu bora ya AFCON. Mmoja akaanza na ile frikiki ya Riyad Mahrez iliyoitoa Nigeria kwenye nusu fainali ya 2019, dakika za nyongeza. Goli zuri, sibishi. Zamu yangu ilipofika walicheka: yote matatu ya Taifa Stars, na hakuna hata moja lililotupa ushindi.

La kwanza ni la Simon Msuva dhidi ya Kenya, Cairo, Juni 2019. Samatta alipiga, kipa akautema, Msuva akamalizia. Dakika ya 6 tu. Tulikuwa hatujafunga goli kwenye fainali hizo tangu 1980. Tuliongoza mara mbili, tukalala 3-2.

La pili ni la Msuva tena, dhidi ya Zambia, Januari 2024, pasi ya Samatta. Nilikuwa mwaka wa kwanza, chumba cha TV kimejaa hadi madirishani. Zambia wakabaki kumi uwanjani, tukaanza kuhesabu pointi tatu. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Watu walitoka kimya kama wametoka msibani.

La tatu ni la Feisal Salum dhidi ya Tunisia, Desemba 2025, kule Morocco. Sare 1-1. Tulikuwa tumefungwa na Nigeria, tukatoka sare na Uganda. Pointi mbili tu, lakini zikatuvusha hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu.

Rafiki yangu akasema, "Ukishangilia sare, utabaki na sare." Ana hoja. Timu iliyoshiriki mara nne bila kushinda mechi hata moja haipaswi kupigiwa makofi tu. Tumekuwa kichwa cha mwendawazimu kwa miaka mingi, na kusifiana ovyo ni sehemu ya tatizo.

Lakini yapange hayo magoli kwa mwaka. La kwanza tulifungwa, la pili tukapata pointi, la tatu tukavuka. Anayesoma matokeo ya mwisho peke yake haoni hatua hizo. Na sisi tunaosomea ualimu tuna ugonjwa huohuo.

Nikiwa TP mwaka jana, nilisahihisha jaribio la hesabu la Kidato cha Pili. Kijana mmoja alitoka 12 akafika 27. Nikaandika F kwa wino mwekundu, nikaongeza "Jitahidi". Alikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni. Kabla ya siku hiyo alikuwa ananyoosha mkono darasani. Baada ya hapo hakunyoosha tena mpaka naondoka.

F ilikuwa sahihi, 27 haifiki 30. Siombi tugawe alama za bure, kama nisivyoomba tuhesabu sare kuwa ushindi. Ila nilikuwa na nafasi ya kutosha pembeni ya karatasi kumwandikia: umepanda alama 15. Sikuandika.

Kwa hiyo cheka utakavyo. Mimi goli la Fei Toto naliweka namba moja. Na mwezi ujao tukienda tena TP, kabla hujaandika F, hebu fungua kwanza alama za mwezi uliopita.